Sanduku la Wasomaji: Safari ya Kiangazi kutoka Jinja hadi Kidepo

SWALI: Mheshimiwa Mwandishi, pokea salamu zetu kutoka Jinja. Mimi na mke wangu tumeazimia kuwapeleka watoto wetu watatu, wa miaka 7, 10 na 14, katika mbuga ya Kidepo, hapa kwetu Uganda, wakati wa likizo ndefu ya Desemba na Januari, na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka 65, ameomba asiachwe nyumbani. Gari letu ni Toyota Prado ya dizeli, ya miaka mingi lakini inayotunzwa. Nimeitazama ramani nikaona kwamba tunaweza kupitia Mbale na Moroto, tulale Kidepo usiku mmoja, kisha turudi kwa njia ya Kitgum na Kampala, yote kwa siku tano. Marafiki wananiambia nimepanga vibaya, ila hakuna anayenieleza kwa nini. Naomba unisaidie. — Baba wa Watoto Watatu, Jinja

JIBU: Ndugu Baba wa Watoto Watatu, njia uliyoichagua ni nzuri, na majira uliyoyachagua ni bora kuliko yote. Marafiki zako wana haki katika jambo moja tu, nalo ni hizo siku tano.

Mzunguko wako wote, pamoja na kutembea ndani ya mbuga, unakaribia kilomita 1,500. Ukizigawa kwa siku tano unapata kilomita 300 kwa siku, na mtu aliyezoea kwenda Kampala na kurudi haoni ugumu wowote hapo. Hesabu hiyo inakubalika mpaka Moroto, kwa kuwa lami imeingia Karamoja, eneo la wafugaji la kaskazini-mashariki, kwa namna ambayo wazee wetu hawakuitarajia: barabara ya Soroti hadi Moroto ina lami, na ya Nakapiripirit hadi Moroto vilevile. Kaskazini mwa Moroto mambo hubadilika. Kutoka hapo, kupitia Kotido na Kaabong, hadi Apoka yalipo makao makuu ya mbuga, ramani inaonyesha kama kilomita 250, lakini kwenye changarawe yenye mikunjo, mashimo na mito ya mchanga, dereva mwangalifu aliyebeba watoto na mzazi wake hapati wastani wa zaidi ya kilomita 35 au 40 kwa saa. Hizo ni saa saba za usukani bila kusimama, na familia yenye mtoto wa miaka saba itasimama mara nyingi. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Ukitoka Moroto saa tatu asubuhi kwa sababu chai ilichelewa, giza litakukuta mahali usipopajua.

Ndiyo maana naomba upange safari yako kwa kuhesabu saa za mwanga, na uweke sharti moja ambalo hutalivunja kwa sababu yoyote: ifikapo saa kumi jioni gari liwe limeegeshwa mahali pa kulala, au liwe karibu sana na mahali hapo. Saa mbili zinazobaki kabla ya jua kuzama ni akiba yako ya pancha, ya kupotea njia, na ya kundi la ng'ombe litakaloifunga barabara kwa nusu saa.

Kwa sharti hilo, safari yako ni ya siku kumi, na ningekushauri uombe ya kumi na moja ambayo huipangii chochote. Siku ya kwanza fika Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, umbali wa saa moja na kitu kutoka Mbale, ulale huko usiku mbili, kwa sababu mama atahitaji kupumzika kabla ya safari ngumu, na watoto watayafurahia maporomoko yake, ambayo kubwa kati yake hushuka karibu mita 100. Siku ya tatu teremka kupitia Muyembe na kuipita hifadhi ya Pian Upe, Mlima Kadam ukiwa upande wako wa kulia, mpaka Moroto. Siku ya nne nenda Kotido tu, hata kama gari na mwili vinakuambia mnaweza kuendelea. Siku ya tano ingia Kidepo, ulale huko usiku tatu. Siku ya nane toka kwa njia ya Karenga na Orom hadi Kitgum, na kutoka hapo lami itakurudisha Gulu, Karuma, Kampala na nyumbani, ukilala njiani mara moja au mbili kadiri mama atakavyopenda.

Usiku mmoja Kidepo ungekuwa hasara kwako. Mbuga ile ina kilomita za mraba 1,442, imebanwa kati ya milima kwenye pembe ambako nchi yetu inapakana na Sudan Kusini na kuikaribia Kenya, na ina mabonde mawili yasiyofanana. Bonde la Narus, lililo chini ya Apoka, hubaki na maji hata kiangazi kikali, kwa hiyo kuanzia Desemba wanyama huanza kukusanyika hapo: nyati kwa mamia, tembo, twiga, pundamilia, na simba wanaopenda kulala juu ya majabali yenye jua la asubuhi. Bonde la Kidepo lenyewe, upande wa kaskazini, ni kavu. Mto wake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mweupe mtupu, ukingo wake una misitu ya mivumo, na mbele yake ziko chemchemi za maji moto za Kanangorok. Huko ndiko mtu anakoenda akiwa na matumaini ya kumwona mbuni. Bonde la kwanza linahitaji alfajiri mbili na la pili linahitaji siku nzima, tena ukiwa na askari wa wanyamapori ndani ya gari, maana mpaka uko karibu. Mtu aliyelala usiku mmoja huamka akiwa amechoka, akazunguka Narus kwa muda wa saa mbili, kisha akaanza safari ya kurudi.

Sasa tuje kwenye mafuta, ambapo nitakuomba ukae na karatasi na kalamu. Prado inayotumia lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami itatumia hadi 16 kwenye mchanga na kwenye gia nzito. Kutoka Moroto mpaka Apoka ni 250, mizunguko ya mbugani kwa siku tatu ni kama 200, na kutoka mbugani mpaka Kitgum tuweke 130. Jumla ni kilomita 580, yaani karibu lita 93. Tangi lako pengine halifiki lita 90. Vituo vya mafuta vipo Kotido na Kaabong, na mara nyingi vina dizeli, lakini familia haisafirishwi kwa kutegemea neno "mara nyingi". Jaza tangi Moroto, ongeza Kotido hata kama pengo ni dogo, na ubebe madumu mawili ya chuma ya lita 20 yaliyofungwa imara, kamwe yasikae ndani pamoja na watoto.

Maji yahesabu vivyo hivyo. Watu sita, lita tano kila mmoja kwa siku, kwa siku mbili ambazo gari linaweza kukwama bila msaada, ni lita 60, sawa na madumu matatu. Hizo ni kilo 60, kwa hiyo zikae chini, nyuma ya viti, na juu ya keria uweke magodoro na nguo. Gari lenye uzito juu huyumba vibaya kwenye kingo za barabara zilizobomoka.

Kuhusu matairi nina neno refu zaidi, kwa kuwa nililipata kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, kati ya Kotido na Kaabong, jiwe lilinichania tairi la nyuma saa nne asubuhi. Nilikuwa na spea, ilikuwa mpya, na tangu niinunue sikuwa nimeigusa. Nilipopandisha gari, jeki ilizama mchangani kwa sababu sikuwa na kipande cha ubao cha kuweka chini yake. Wakaja vijana wawili wachungaji, mmoja akiwa na kigoda chake kidogo mkononi, wakaanza kuchimba mchanga kwa viganja bila kuuliza malipo. Tulipofanikiwa kuifunga ile spea, gari likakaa upande. Yule mdogo akainama, akaweka sikio karibu na valvu, kisha akatema mate juu yake na kuninyooshea kidole: mate yalikuwa yanachemka povu dogodogo. Upepo ulikuwa ukitoka hapo kwa miezi yote niliyokuwa nikijisifu kwamba nina spea mpya. Nilikaa pale mpaka saa kumi, lilipopita lori lenye pampu. Maji niliyokuwa nayo tuligawana watu watatu, na mpaka leo nikikumbuka jinsi walivyokunywa kwa zamu, mkubwa akimpa mdogo kwanza, naona deni ambalo sijalilipa.

Basi, ndugu yangu, beba spea mbili, si moja. Wiki moja kabla ya safari zishushe, uzijaze upepo, uziache usiku kucha na uzipime asubuhi. Kisha pima valvu kwa maji ya sabuni, au kwa mate kama alivyonifundisha yule kijana. Beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, pampu ndogo inayotumia betri ya gari, kipimo cha upepo, koleo, na kamba ya kuvutia. Ukifika kwenye mchanga mwingi, punguza upepo wa matairi yote manne, uingie gia nzito kabla ya kuugusa mchanga, na usikanyage breki katikati. Ukirudi kwenye barabara ngumu ujaze tena, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hupata moto na kupasuka. Mwambie fundi wako aangalie shokomzoba, bushi, mkanda wa feni, rejeta na kichungi cha hewa, na umwombe akufundishe wewe na mke wako kubadilisha tairi mkiwa uani kwenu, mikono yenu wenyewe, yeye akiwa amesimama pembeni.

Kwa ajili ya mama na watoto, mwone daktari wiki mbili au tatu kabla, mzungumzie kinga ya malaria na dawa zozote ambazo mama anazitumia kila siku, kisha mbebe dozi za ziada. Chandarua kiwepo. Mbung'o wapo katika sehemu za mbuga, na wao huvutwa na rangi nyeusi na bluu iliyokolea, hivyo nguo ziwe za rangi ya mchanga au kijani hafifu. Mama akae kiti cha mbele, ambako gari halirushi sana. Andika kwenye karatasi majina ya hospitali zilizo njiani, maana simu haitashika kila mahali: Moroto iko hospitali ya rufaa ya mkoa, Matany ipo hospitali ya misheni inayotegemewa na Karamoja nzima, Kaabong ina hospitali ya wilaya, Kitgum iko St. Joseph's, na Gulu iko Lacor.

Umetaja marafiki wanaokutisha, na huenda wanazungumzia usalama. Tusidanganyane: Karamoja imepitia miaka mingi ya wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, na ukusanyaji wa silaha ulioanza 2001 ulibidi urudiwe zaidi ya mara moja, mara ya karibuni ukiwa operesheni ya jeshi iliyoanza 2021 kwa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Uhasama huo ulihusu ng'ombe, haukuwalenga wageni, lakini risasi haimchagui mtu. Kila asubuhi kabla ya kuondoka mjini, pita kituo cha polisi, uulize hali ya barabara ya siku hiyo, na uwaachie namba ya gari pamoja na mahali unapokwenda kulala. Wakikuambia subiri, subiri. Hapo ndipo ile siku ya kumi na moja itakapokufaa.

Malazi ya bei nafuu ni mabanda ya Mamlaka ya Wanyamapori yaliyoko Apoka. Yalipie mapema kupitia ofisi yao ya Kamwokya, Kampala, na uulize hapohapo viingilio vya mwaka huu kwa raia na kwa gari, kwa sababu Krismasi nafasi hujaa.

SWALI: Kaka yangu anaishi Kanada na mwaka ujao atakuja likizo yao ya kiangazi, Julai na Agosti. Anataka tuendeshe gari kutoka Entebbe hadi Kidepo. Anasema ameshamaliza barabara kuu ya Alaska yote, hivyo njia zetu hazimtishi. Je, nimkubalie? — Dada Mdogo, Entebbe

JIBU: Dada, kaka yako amefanya safari kubwa na anastahili heshima yake. Barabara ile ilijengwa 1942 wakati wa vita, ina urefu wa kilomita zipatazo 2,200, na aliyeimaliza anajua kuhesabu mafuta, kubeba spea na kumwachia njia mnyama mkubwa. Maarifa hayo mpe nafasi ayatumie.

Ila mambo mawili yatamdanganya. La kwanza ni mwanga. Mwezi Juni, Whitehorse, mji ulio kwenye barabara hiyo, mchana hukaribia saa 19, na dereva aliyechelewa huendelea tu kwa kuwa jua lipo. Huku kwetu jua litazama karibu saa moja usiku, na litazama upesi. La pili ni neno lenyewe la kiangazi. Kiangazi chao ni masika ya Karamoja: kule hakuna misimu miwili ya mvua kama tuliyozoea sisi tunaokaa karibu na Ziwa Nyanza, bali mvua hunyesha kati ya Aprili na Septemba au Oktoba, na Julai na Agosti zimo katikati yake. Udongo mweusi wa tambarare zile ukilowa hushika matairi mpaka yanakuwa kama mabonge ya udongo yasiyo na meno, na hata gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne huteleza pembeni taratibu kama mtu asiyetaka kwenda. Mito ya mchanga nayo hushuka ghafla. Mvua hunyesha milimani, mbali nanyi, anga likiwa safi juu ya vichwa vyenu, na maji huja na magogo.

Sikukatazi. Nchi inakuwa ya kijani, ndege ni wengi, wageni ni wachache, na nyasi zikiwa ndefu mtawatafuta wanyama kwa subira zaidi, jambo ambalo wengine hulipenda. Acheni njia ya Moroto. Tumieni ya Karuma, Gulu na Kitgum, ambayo kutoka Kampala ni karibu kilomita 570 na ina lami mpaka Kitgum, mlale Kitgum, na muulize madereva wa malori waliofika jana kutoka Karenga. Mkiukuta mto unapita, rudini nyuma mahali pa juu, mpike chai, mngoje. Mingi hupungua baada ya saa chache. Gari lisiingie maji ambayo hamjui kina chake, hata kama kaka ndiye mwenye usukani na hata kama ndege yake ya kurudi ni kesho kutwa. Wekeni siku tatu za akiba kati ya Kidepo na uwanja wa ndege wa Entebbe, na mtakuwa hamna sababu ya kushindana na mto.

SWALI: Tunakwenda Karamoja na wanafunzi. Hatujui Ngakarimojong, lugha ya huko. Kiswahili kitatutosha? Na tubebe zawadi gani? — Mwalimu, Soroti

JIBU: Mwalimu, Kiswahili kitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Wafanyabiashara wa masoko ya Moroto na Kotido wanakitumia, askari wanakitumia, na wengi waliowahi kuvuka kwenda Turkana, upande wa Kenya, wanakijua. Hata hivyo wafundishe wanafunzi maneno mawili kabla ya kuondoka: "ejoka?" la kusalimu, ambalo hujibiwa "ejok", na "alakara" la kushukuru. Mzee akisikia mtoto wa shule anamsalimu kwa lugha yake, mazungumzo huwa mengine.

Mkienda kutembelea manyatta, yaani boma za wafugaji, kama ile kubwa sana ya Nakapelimoru karibu na Kotido, tafuteni kwanza mwongozaji wa palepale, akawaombee ruhusa kwa wazee. Milango ya zile boma ni midogo na ya chini, mtu mzima huingia akitambaa, kwa hiyo waambie wasichana wavae suruali au sketi pana. Zawadi za peremende kwa watoto msigawe, kwani zinawafundisha kuomba kila gari. Sukari, chumvi, majani ya chai na tumbaku hukabidhiwa mzee mmoja au mama mmoja mbele ya wote, naye atagawa anavyojua. Picha huombwa kabla ya kamera kutolewa mfukoni, na askari au kambi zao zisipigwe picha hata kwa mzaha. Vilevile, mama wa nyumba akiwapa kibuyu cha maziwa ya mgando, mwalimu ndiye awe wa kwanza kunywa, wanafunzi wakiona.